Vifaranga wa mama

Jamani, nilipotea kidogo. Nilikuwa Kabazi kwa mama, nikiunga waya za banda la vifaranga. Baridi ya Subukia si mchezo! Chumba cha wiki ya kwanza kinataka nyuzi 33 hivi, cha wiki ya tatu 27.

Mimi, mwandishi wa programu mzima, nikaunga thamostati zote mbili mfululizo kwenye relei moja. Kumbe balbu hazingewaka mpaka vyumba vyote vipoe: nilikuwa nimeandika NA. Asubuhi wadogo tisa walikuwa wamekufa, wamerundikana pembeni. Nikajaribu AU, wakubwa wakaanza kuhema.

Sasa kila chumba kina thamostati na relei yake. Mama bado anaweka jiko la makaa karibu, stima ikipotea.