Ukihama, Acha Maelekezo Mlangoni



Leo naomba tuongee jambo ambalo wengi huwaachia vijana wa mitambo. Tovuti ya kanisa letu ilihamia anwani mpya. Wiki nyingi baadaye, ukitafuta jina la kanisa kwa Google, bado ilileta anwani ya zamani. Mama mmoja alitumiwa kiungo cha maombi ya wagonjwa, akakifungua, akatupwa kwa ukurasa wa mbele. Alihangaika, akaacha. Mgonjwa alikuwa mtoto wake. Ndipo nikaketi na vijana, wakanifundisha.

Sikiza vizuri. Ukifungua anwani iliyohama, seva hujibu kwanza kwa nambari. 301 inasema: tumehama kabisa. 302 inasema: tumetoka kidogo, tutarudi. Wewe hutaona tofauti, maana zote mbili zinakufikisha. Lakini Google inaona! 301 ni ishara ya nguvu kwamba anwani mpya ndiyo ya kuonyesha watu, na sifa iliyojengwa na viungo vya miaka mingi inahamia huko. 302 ni ishara hafifu, na Google huelekea kubaki na ya zamani. Aliyetuhamisha alikuwa ameweka 302.

Kupima si kazi ngumu. Kwa kompyuta, andika curl -I kisha anwani ya zamani. Mstari wa kwanza unaonyesha nambari, na palipoandikwa location unaona unakopelekwa. Angalia mambo matatu.

Moja, nambari iwe 301 kama hamrudi.

Mbili, safari iwe ya hatua moja. Roboti ya Google hufuata mpaka hatua 10, lakini kila hatua inamchelewesha mtu mwenye simu ndogo na mtandao hafifu.

Tatu, kila ukurasa upelekwe kwa mwenzake: maombi kwa maombi, ratiba kwa ratiba. Ukipeleka zote kwa ukurasa wa mbele, Google inaweza kuzihesabu kama kurasa zisizopatikana.

Tulirekebisha yote matatu. Matokeo hayakugeuka siku hiyo hiyo, kwa sababu Google lazima ipite tena kila ukurasa. Yalikuja polepole.

Na hili msisahau: jina la zamani endeleeni kulilipia. Google yenyewe inashauri maelekezo yakae angalau mwaka 1, na zaidi ikiwezekana. Jina likiisha muda, yeyote anaweza kulinunua, hata mtu wa kamari. Fikiria muumini anafungua kiungo cha ibada kilichohifadhiwa kwa WhatsApp, anakaribishwa kubeti!

Kama una biashara, shule au chama, na mmebadilisha anwani, pima leo kabla hujalala. Mwambie jirani yako: pima viungo vyako! Kuna mtu anakutafuta, na hatakupigia simu kukuambia amepotea.