Protekta ya Simu Inalinda Nini Hasa?

Zamani mama akirudi kutoka sokoni watoto walikimbilia kikapu. Siku hizi wanakimbilia mkoba, kwa sababu ndani yake mna simu. Wala si watoto tu. Simu imekuwa benki yetu ndogo, saa ya kutuamsha alfajiri na daftari la michango ya kikundi. Kifaa cha namna hiyo kikivunjika kioo, bajeti ya nyumba nzima hutikisika. Ndiyo maana akina mama wengi, mara tu wanaponunua simu, hununua na protekta ya kubandika juu ya kioo chake.

Hakuna ubaya katika hilo. Lakini katika mikutano yetu ya akina mama, sisi tulio wauguzi tumekuwa tukiulizwa maswali ambayo mtu angetarajia aulizwe fundi simu. Je, ni kweli kwamba protekta hii inalinda macho ya mtoto? Je, hii nyingine inaua vijidudu? Tukaanza kusoma maandishi ya kwenye pakiti, moja baada ya nyingine. Ahadi zake ni zile zile: ina ugumu wa 9H, haivunjiki, inazuia mwanga wa buluu, inaua bakteria kwa asilimia 99.9. Hebu tuzitazame kwa zamu, kwa maana fedha inayonunua ahadi hizi ndiyo hiyo hiyo inayonunua unga na madaftari.

Tuanze na 9H. Wengi wetu tukisikia 9 tunadhani protekta imekaribia almasi. Wanaosoma mambo ya madini wanacho kipimo cha ugumu kilichobuniwa na Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812. Huanza na 1 kwa talki, lile jiwe laini linalosagwa kuwa poda, na kuishia na 10 kwa almasi. Kioo cha kawaida huwa kati ya 5 na 6. Lakini 9H ya kwenye pakiti haitokani na kipimo hicho. Ni kipimo cha penseli. Herufi H ni ile ile tunayoiona kwenye penseli za watoto zilizoandikwa HB au 2H, na 9H ni penseli ngumu sana. Maana yake ni kwamba penseli ya namna hiyo ikikokotwa juu ya protekta haiachi mkwaruzo. Ni sifa ya kweli, ila ni ndogo kuliko inavyosikika. Mchanga wa njiani una chembe za madini yaitwayo kwatsi, ambayo kwa kipimo cha Mohs ni 7, nazo hukwaruza kioo. Kwa hiyo anayetumbukiza simu kwenye mkoba wenye mchanga chini asiitegemee 9H.

Ahadi ya pili ni kwamba haivunjiki. Ndugu zetu, kioo ni kioo. Protekta nzuri za kioo huimarishwa kwa kuchovywa katika chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa kwa moto mkali. Chembe za potasiamu, ambazo ni kubwa, huchukua nafasi za chembe ndogo za sodiamu, na uso wa kioo ukabanwa kiasi kwamba ufa hupata shida kuanza. Kioo cha simu nyingi nacho huimarishwa kwa njia hiyo hiyo, tena ni kinene zaidi. Protekta yenyewe mara nyingi ina unene wa theluthi moja tu ya milimita. Ndiyo kusema tumemwajiri mlinzi mwembamba kuliko bosi wake.

Basi simu inapoanguka na protekta kupasuka, huwa tunashukuru na kusema, "Ingekuwa si protekta, kioo kingekwisha." Pengine ni kweli, na pengine kioo kisingefanywa lolote. Sisi wauguzi tunaujua ushahidi wa namna hii. Mtu ana mafua, anakunywa mizizi, siku ya saba amepona, na sifa zote zinaiendea mizizi. Tunachoweza kukisema bila wasiwasi ni kwamba protekta hupokea mikwaruzo badala ya kioo, na kuibadilisha ni rahisi kuliko kubadilisha kioo. Lakini simu nyingi huangukia pembeni, mahali ambapo protekta haifiki. Hapo kinachosaidia ni kava lenye kingo zilizoinuka kidogo kupita kioo.

Iko pia habari ambayo kila mama anayeweka fedha kwenye simu angefaa kuijua. Mwezi Oktoba mwaka 2019, kampuni ya Samsung ilikiri kwamba baadhi ya simu zake, zikiwamo Galaxy S10, zilikuwa zikifunguka kwa kidole cha mtu yeyote endapo zimefunikwa kwa aina fulani za kava au protekta za silikoni. Simu ilikuwa inasoma alama za ile silikoni na kuzidhania kuwa alama za kidole cha mwenyewe. Kampuni ikatoa programu ya kurekebisha kasoro hiyo mwezi huo huo. Funzo letu ni jepesi: ukishabandikiwa protekta mpya, na simu yako hufunguliwa kwa kidole, jaribu kuifungua kwa kidole ambacho hukukisajili. Ikifunguka, ibandue hapo hapo.

Sasa tuje kwenye macho, maana hapa si suala la kioo tena. Mama mmoja wa kikundi chetu ameturuhusu tueleze yaliyompata bila kumtaja. Kijana wake wa darasa la nne alianza kulalamika kichwa kinamuuma, na mwalimu akaleta habari kwamba ananakili ubaoni kwa makosa. Mama akahisi ni simu. Dukani akaelezwa kwamba iko protekta ya kuzuia mwanga wa buluu, inayolinda macho ya watoto. Akailipia mara tatu ya bei ya ile ya kawaida, akarudi nyumbani ameridhika. Muhula ukapita. Maksi zikashuka, kijana akaitwa mvivu, akachapwa. Tulipomshauri mama ampeleke kliniki ya macho, ilionekana haoni mbali. Alichohitaji ni miwani. Protekta haikumdhuru macho, lakini ilimpa mama utulivu ambao haukuwa wake, na katika utulivu huo mtoto akapoteza muhula mzima na kuadhibiwa kwa kosa ambalo hakulitenda.

Je, mwanga wa buluu una madhara gani? Mwaka 2023 jopo la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya na kupima tafiti za tiba, lilichapisha mapitio ya tafiti 17 kuhusu miwani ya kuzuia mwanga huo. Lilihitimisha kwamba huenda miwani hiyo haipunguzi uchovu wa macho kwa wanaotumia kompyuta, ikilinganishwa na miwani ya kawaida. Hiyo ilikuwa miwani, si protekta, lakini chanzo cha uchovu ni kile kile. Mtu anayekodolea simu hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, macho yakakauka na kuwasha. Tena mwanga wa buluu unaotoka kwenye jua ni mwingi mno kuliko wa simu, na watoto wetu hucheza nje mchana kutwa bila kudhurika kwa hilo. Kinyume chake, kucheza nje husaidia kupunguza uwezekano wa mtoto kupata tatizo la kutoona mbali.

Linalosaidia halina bei. Kila baada ya dakika 20, mtoto ainue macho atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Simu isikae karibu sana na uso. Usiku simu ilale sebuleni, kwa sababu usingizi wa mtoto haufukuzwi na mwanga peke yake. Katuni na michezo nazo huuamsha ubongo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilishauri mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Hakuna protekta inayoweza kutufanyia kazi hiyo.

Imebaki ile ya kuua bakteria. Nyingi za protekta hizi huchanganywa na madini ya fedha, ambayo kweli yana uwezo wa kudhoofisha bakteria. Lakini tuulize: asilimia 99.9 inapatikana baada ya muda gani? Kipimo kinachotumiwa sana, kiitwacho ISO 22196, huwaacha bakteria juu ya kitu kwa saa 24, katika joto la nyuzi 35 na unyevu mwingi. Simu ya mama haikai saa 24 bila kuguswa. Inashikwa baada ya kumbadilisha mtoto nepi, kisha baada ya kuchambua dagaa, kisha inapewa mtoto anayeilamba. Nchini Marekani, mamlaka ya mazingira hairuhusu bidhaa iliyotiwa dawa ya namna hiyo kutangazwa kwamba inalinda afya ya mtumiaji, isipokuwa imesajiliwa kwa kazi hiyo. Bila usajili, inaruhusiwa kusema tu kwamba dawa inailinda bidhaa yenyewe.

Sisi tuliosomea uuguzi tulifundishwa habari za daktari Ignaz Semmelweis, ambaye mwaka 1847 huko Vienna aliokoa wazazi wengi kwa kuwataka madaktari wanawe mikono kabla ya kuwashika. Hadi leo hakijapatikana kitu cha kubandika kinachochukua nafasi ya kunawa. Simu nayo ifutwe kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo kwa spiriti ya asilimia 70, ikiwa imezimwa, bila kumwagia.

Basi akina mama wenzetu, nunueni protekta, lakini ile ya kawaida inayoenea vizuri, na mkijua mnalinda kioo tu. Bei ya ziada ibaki mfukoni. Na kama mtoto anafinya macho, anasogelea ubao, au analalamika kichwa kila jioni, msiende dukani kwanza. Mzibeni jicho moja moja, mwambieni asome maandishi ya mbali, kisha mpelekeni kliniki wiki hiyo hiyo.