Inchi mbili

Ukikaa Lusahunga pale njia panda hata nusu saa tu, utaona pikapu za kila kimo. Ziko zilizochuchumaa nyuma kwa mzigo wa ndizi mpaka taa za mbele zinaangalia mawingu. Ziko za wachimbaji wa dhahabu, zimenyanyuliwa juu kiasi kwamba ukisimama pembeni unaona difu yote na bomba la moshi hadi lilikoanzia. Na ziko kama yangu, Hilux dabo kebini ya mwaka 2003, wala si ya kutazamwa mara mbili, ambayo miezi mitano nzima nilikuwa naulizana nayo swali moja: tukuinue au tukuache?

Natumia gari kila siku, na hilo ndilo lililofanya swali liwe gumu. Mtu mwenye gari la kuchezea Jumamosi anaweza kuliinua atakavyo. Mimi naishi Ngara mjini, juu kilimani, na kazi yangu ya habari hainipi wiki ya kukaa. Leo Rulenge, kesho Bugarama kule kwenye nikeli, keshokutwa nashuka Nyakasanza, napita Nyakahura, nakunja Lusahunga kwenda Biharamulo, halafu Runazi au Nemba kama kuna kesi ya ardhi. Kati ya safari hizo nampeleka mama kliniki Murgwanza. Mama ana nyonga mbovu tangu alipoanguka bafuni mwaka juzi. Nitarudi kwake, maana yeye ndiye aliyeamua nusu ya habari hii bila kujua.

Kwanza barabara. Wanaopita lami tu huwa hawaelewi kwa nini mtu anahangaika na kimo cha gari. Njia ya Lusahunga kwenda Rusumo inabeba malori ya Rwanda, na pale Nyakasanza yanachepuka ya Burundi kwenda Kabanga. Lori lenye mzigo likipita kwenye lami iliyochoka, halichimbi shimo. Linachora mifereji miwili na kuacha mgongo katikati. Ukiingia na gari dogo kwenye mifereji hiyo, magurudumu yako yanashuka na tumbo linabaki juu ya mgongo. Vijijini ndiko balaa zaidi, maana udongo wetu ni mwekundu na ukilowa unakuwa kama sabuni. Masika ya Machi hadi Mei, mfereji wa trekta ukikauka kidogo halafu ukanyeshewa tena, utasikia chini: krrrr. Hiyo ni difu inalima.

Ndipo watu wanaposema inua gari. Na ndipo jambo ambalo wengi hawalielezi linapoanzia. Hilux yangu nyuma ina ekseli nzima, bomba moja la chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu, na difu iko katikati ya bomba hilo. Ukiongeza springi, ukaweka vipande vya chuma juu ya ekseli, ukafanya utakavyo, bodi itapanda lakini ekseli itabaki palepale, kwa sababu ekseli imekaa kwenye magurudumu, haijakaa kwenye springi. Kitu pekee kinachoinua difu ni tairi kubwa zaidi. Na hapo pia usijidanganye. Tairi la 265/70 la rimu 16 lina kimo cha karibu milimita 777. Ukivaa 235/85, ambalo ni jembamba na refu, unapata kama 806. Tofauti ni milimita 29, na kwa kuwa ekseli iko katikati ya gurudumu, unachopata chini ya difu ni nusu yake: milimita 14 na kitu. Unene wa kidole.

Fundi wa kwanza niliyemwendea hakuniambia hayo. Alikuwa kijana mchangamfu, gereji yake iko barabarani, na aliniita "dada mwandishi" kabla hata sijazima injini. Akasema gari langu litapanda inchi nne kwa siku moja na litakuwa "la kibabe". Nilipomuuliza difu itapanda kiasi gani akacheka. Akasema dada, watu wataliona. Nilimshukuru, nikaondoka. Sina ugomvi naye, anauza kinachonunuliwa.

Fundi wa pili ni mzee wa Nyakanazi, na yeye ndiye niliyemwachia gari. Shikamoo, marahaba, akavuta kigoda, akalala chini ya gari kama dakika ishirini bila kusema neno. Alipotoka akaniuliza: "Binti, unagota wapi?" Swali dogo, lakini mtu wa kwanza hakuuliza. Nikamwambia: ngazi za pembeni zinagota, bampa ya mbele inagota nikishuka kwenye mitaro, na nyuma springi zimelala mpaka nikipakia watu wanne na magunia mawili shokapu zinagonga. "Na difu?" Difu mara chache. "Basi," akasema, "huhitaji kuinuliwa. Unahitaji kurudishwa ulikotoka, halafu tuongeze kidogo."

Alichomaanisha ni kwamba springi za miaka ishirini hulala. Gari langu lilikuwa limeshuka nyuma karibu sentimita nne kutoka kimo chake cha kiwandani, na mimi nilidhani ndivyo lilivyozaliwa. Wengi wanaolilia kuinua gari kumbe wanalilia kimo chao cha zamani.

Nikakaa naye mchana mzima akinieleza njia zilizopo, na nitazisema kwa haraka. Nyuma unaweza kuweka kipande cha chuma kati ya springi na ekseli, na yubolti ndefu. Ni rahisi, lakini ukikanyaga mafuta mlimani ekseli inataka kujizungusha na springi inajikunja kama herufi S. Unaweza kurefusha vile vyuma viwili vinavyoning'iniza ncha ya nyuma ya springi; ukivirefusha inchi mbili gari linapanda inchi moja tu, na difu inageuza pua yake, propela ianze kutetemeka. Unaweza kuongeza jani kwenye springi, na hapo swali ni jani gani. Nene sana, gari tupu litaruka kama mbuzi kwenye barabara zile zenye mawimbi kama bati, na tairi linaloruka halishiki breki wala kona. Au ununue seti kamili, springi na shokapu zilizopimwa pamoja, kama zile za Old Man Emu za Australia. Ni kitu kizuri, sibishi. Bei yake ni bei ya ng'ombe kadhaa, na Hilux yangu yenyewe si zizi kubwa.

Mbele ni hadithi nyingine. La kwangu mbele halina springi za kuzunguka; lina torsheni baa, fimbo ndefu ya chuma inayojisokota. Ina bolti ya kurekebisha. Ukiikaza, gari linapanda, bure kabisa, dakika kumi. Kwa hiyo kila mtu anaikaza. Lakini mguu wa mbele una nafasi maalumu ya kupanda na kushuka, na ukilinyanyua gari kwa bolti hujaongeza nafasi hiyo hata milimita moja. Umechukua ya kushuka ukaipa ya kupanda. Kila tairi likishuka shimoni mguu unafika mwisho na kugonga, tak. Sivi jointi zinakaa kwa pembe mbaya, buti za mpira zinachanika, vumbi la Kagera linaingia kwenye grisi, na baada ya hapo ni kununua spea. Mzee alisema mbele hatozidisha inchi moja, na hata hiyo moja itabidi nipeleke gari kupimwa wilibalansi na alaimenti Kahama.

Kitu kilichonifanya nimwamini kabisa ni breki. Nyuma ya Hilux hizi, karibu na ekseli, kuna vali ndogo yenye kijiti. Kijiti kimefungwa kwenye ekseli. Gari likiwa na mzigo, bodi inashuka, kijiti kinasukumwa, vali inaruhusu breki za nyuma zishike zaidi. Gari likiwa tupu, bodi iko juu, vali inapunguza ili nyuma isiteleze. Sasa fikiria umeinua bodi inchi nne bila kugusa kijiti. Vali inaamini gari ni tupu siku zote. Umepakia watu saba na mahindi, unashuka mteremko wa Ngara, na breki za nyuma zinafanya kazi kama hujabeba hata mkate. Nimeripoti ajali kwenye miteremko ile. Sisemi zilitokana na vijiti, sikuwahi kuchunguza vijiti. Nasema tu kwamba tangu siku hiyo nikiona pikapu ndefu imejaza watu nyuma, natafuta kijiti kwa macho.

Lakini ufundi ni nusu tu. Nusu nyingine inahusu nani anakuona unapofika.

Mimi ni mtoto wa Ngara wa miaka ya tisini. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24, na Benaco ikawa mji kabla hatujajua kutamka jina lake. Nilikuwa na miaka sita. Ninachokumbuka kuliko vyote ni magari: Land Cruiser nyeupe, ndefu, zenye antena kama fimbo za kuvulia samaki. Tulijifunza mapema kwamba gari refu jeupe lina kitu ndani yake, biskuti, karatasi, amri. Watu wazima walisimama lilipopita. Miaka thelathini baadaye ukiingia kijiji cha ndani huko Keza au Kabindi na gari refu, wazee bado wanasimama. Wanaleta viti. Anaitwa mwenyekiti. Na ukishamletewa mwenyekiti, mahojiano yamekwisha. Mama uliyekuja kumsikiliza kuhusu shamba lake atasema kila kitu kiko sawa, asante serikali.

Hilux yangu fupi iliyokwanguka inaegeshwa chini ya mwembe na hakuna anayeinuka. Nathamini hilo kuliko bampa. Mwenzangu mmoja wa redio anasema ninajisingizia, kwamba hata nikija na baiskeli watajua natoka mjini kwa viatu. Huenda. Ila viatu vinavuliwa.

Upande wa pili, kuna msitu. Vipande vya njia ya Biharamulo vinapita kwenye hifadhi, ambayo tangu 2019 ni sehemu ya Burigi-Chato, na wenyeji wote wanaikumbuka miaka ambayo magari yalivuka huko kwa msafara na askari mbele kwa sababu ya majambazi. Sasa kumetulia. Hata hivyo, kugota saa moja usiku mahali ambapo mtandao hakuna, ukiwa mwanamke peke yako na kamera, si jambo la kuandikia mzaha. Kwa hiyo sikuweza kusema tu "liache lilivyo" kwa ajili ya wazee wa Keza. Nilihitaji kupita.

Na mama alihitaji kupanda. Nilichukua futi ya fundi cherehani, jirani yetu, nikapima: kutoka ardhini hadi sakafu ya gari, sentimita 52. Kisha nikapima ngazi ya barazani kwetu, ambayo mama anaipanda akishika ukuta: sentimita 21. Inchi nne za yule kijana zingenipa sakafu ya sentimita 62, yaani ngazi tatu za baraza kwa mkupuo mmoja. Nilimwuliza mama anaonaje. Akasema, "Wewe inua tu mwanangu, mimi nitabebwa." Mama yangu hajawahi kutaka kubebwa maishani mwake. Alisema hivyo ili nisimfikirie, na ndiyo maana nilimfikiria.

Basi tulichofanya ni hiki. Springi za nyuma zilifunguliwa zote, majani mawili yaliyochoka yakabadilishwa, likaongezwa moja jembamba, na nyuma ikasimama inchi mbili juu ya ilipokuwa imelala. Mbele, kidogo chini ya inchi moja. Shokapu nne mpya. Kijiti cha breki kikarekebishwa, na mzee akanipeleka mwenyewe kwenye barabara tupu akanifanya nikanyage breki mara sita. Tairi nikabaki na 265/70, ila za kashata kali zaidi, kwa sababu milimita 14 hazikunishawishi na spidomita nataka iseme kweli ninapopita kijijini kwenye hamsini, pale askari wa tochi wanapokaa. Taa za mbele zikashushwa, zisiwapofue wa bodaboda.

Ngazi za pembeni zilizokuwa zikigota zikatolewa. Badala yake fundi wa kuchomelea wa Ngara akatengeneza kipandio kimoja, upande wa abiria tu, chenye bawaba na pini. Kikikunjwa kinajificha chini ya mlango. Kikishushwa kiko sentimita 28 kutoka ardhini. Ni kirefu kuliko ngazi ya baraza, lakini juu yake tuliweka mshikio wa bomba. Mara ya kwanza mama alikikagua kama anayenunua mbuzi, akakipiga teke kwa mguu mzima, akapanda. Akakaa. Akauliza kwa nini tunachelewa.

Baada ya kilomita mia tano nilirudi Nyakanazi kukaza yubolti, maana springi mpya hujipanga na bolti hulegea. Mgongo wa barabara wa karibu na Nyakahura sasa napita juu yake bila kusikia chochote. Mfereji mmoja wa njia ya Runazi bado unanishinda. Pale nashuka, naangalia, nazunguka kwa shamba la watu kwa ruhusa. Juzi bushi ya mbele kushoto imeanza kulia. Mzee amesema kwenye simu nisubiri hadi mwisho wa mwezi, si ya haraka, ila nisikaze ile bolti mwenyewe.