Safari ya Japani: Huku ndiko walikogombania kilo

Mtajie mtu wa Kariakoo gari la Mjapani, na akili yake itakimbilia Corolla, Noah au Hiace ya daladala. Gari la kazi. Spea zipo kila kona, na usukani uko kulia kama tuliozoea, maana Wajapani nao wanapita kushoto. Mambo ya mikoko ya kasi tumezoea kuwaachia Waitaliano.

Basi wiki hii funga mkanda. Tunakwenda Japani kwenyewe, ukaone jinsi mabwana wale walivyokaa miaka wakiviziana nani atatengeneza gari la mbio lililo jepesi kuliko la mwenzake. Walikuwa wakipimana kwa kilo, na pengine kwa gramu, utadhani wauza dhahabu.

Kwanza ujue chanzo. Mwaka 1989 makampuni ya huko yalikubaliana kiungwana kwamba lisitangazwe gari lenye nguvu zaidi ya farasi 280. Ajali za barabarani zilikuwa zimewatisha. Makubaliano hayo yalidumu hadi mwaka 2004. Watu walinong'ona kwamba farasi wa Skyline GT-R ya Nissan, iliyotoka mwaka huo huo wa 1989, hawakuhesabiwa wote, lakini kwenye karatasi kila mtu aliandika 280. Sasa kama wote mna farasi 280, utamshindaje mwenzako? Punguza mzigo ambao farasi wanauvuta!

Safari yetu inaanzia mkoa wa Tochigi, kaskazini mwa Tokyo. Unapanda treni hadi Utsunomiya, halafu unakamata basi la kwenda Motegi. Usiwe na haraka, maana ni shamba huko: vilima, misitu na mashamba ya mpunga. Katikati ya vilima hivyo Honda wana uwanja wao wa mbio, na pembeni yake jumba la kumbukumbu lililofunguliwa mwaka 1998. Ukiingia unapokewa na historia yao yote. Mzee Soichiro Honda baada ya vita alikuwa akifunga injini ndogo za jenereta za jeshi kwenye baiskeli, watu wasichoke kupiga pedeli. Kutoka baiskeli ile hadi magari ya Formula One, vyote vimepangwa vinang'aa.

Lakini wengi hufunga safari hiyo kwa ajili ya NSX. Gari hili lilionyeshwa Chicago Februari 1989, likaanza kuuzwa mwaka 1990. Lilikuwa la kwanza kuuzwa kwa wingi likiwa na bodi yote ya aluminiamu, na kwa hilo likaokoa karibu kilo 200. Honda waliwajengea kiwanda maalumu hapo hapo Tochigi, Takanezawa, wakachagua mafundi wapatao 200 wenye uzoefu. Lilipotoka lilikuwa na kilo 1,350. Ferrari, waliokuwa wamelala usingizi mnono, wakaamka.

Kuna kasheshe lakini ilitokea kabla ya hapo, na ili uisikie vizuri inabidi tuhame. Rudi Tokyo, panda Shinkansen, treni ile ya mwendo kasi, na kwa muda usiofika saa mbili uko Nagoya. Hapo badili treni hadi stesheni ya Shiroko, kisha basi. Umefika Suzuka, uwanja wa mbio wa Honda tangu mwaka 1962. Barabara yake ina umbo la namba nane, inapita juu yake yenyewe kwa daraja.

Hapa ndipo alipokuja Ayrton Senna, yule Mbrazili, mapema mwaka 1989 kufanya majaribio ya gari lake la McLaren-Honda. Wahandisi wakamkaribisha ajaribu na NSX kabla haijaingia sokoni. Bila shaka walitarajia sifa. Jamaa akazunguka, akashuka, akawaambia kistaarabu kwamba anaiona kama dhaifu kidogo. Hebu fikiria, miaka yote ile unapunguza uzito, halafu bingwa wa dunia anakwambia umepunguza mpaka gari limelegea!

Hawakubisha. Walibeba virago wakaenda Ujerumani, wakapiga kambi jirani na uwanja wa Nürburgring kwa miezi, wakiendesha mchana na kurekebisha usiku. Walipomaliza, bodi ilikuwa imara zaidi kwa nusu nzima ya ilivyokuwa, na uzito haukupanda kiasi cha kuwatia aibu. Mwaka 1992 wakatoa NSX-R. Hiyo waliivua nguo kabisa: tairi la akiba nje, redio nje, vizuia kelele nje, viti vyepesi ndani, hadi kirungu cha gia kikawa cha titani. Kilo 120 zikaondoka, zikabaki 1,230. Katika filamu ya video iliyopigwa Suzuka, Senna anaonekana akikanyaga mafuta ndani ya NSX akiwa na viatu vya kutembelea na soksi nyeupe, kama anakwenda harusini. Mei 1994 alifariki mbioni huko Imola, lakini video ile inatazamwa hadi leo.

Turudi Nagoya mjini, maana Toyota nao wana yao. Karibu na stesheni kuna jumba la kumbukumbu la Toyota, la matofali mekundu, ambalo zamani lilikuwa kiwanda cha nguo. Unaingia ukitegemea magari, unapokewa na nini? Mashine ya kufuma kitambaa! Tena kubwa, ya duara. Aliibuni mzee Sakichi Toyoda mwaka 1906. Kumbe ukoo huu ulianza kwa kufuma, na mwanawe Kiichiro ndiye aliyeanzisha idara ya magari mwaka 1933. Wahudumu wanaziwasha mashine za zamani mbele yako, pamba inageuka uzi, uzi unageuka kitambaa, kelele tupu.

Usiipite haraka mashine ile ya duara. Kuanzia mwaka 2000 hivi Toyota walikuwa wakihangaika na gari la kifahari, Lexus LFA. Walianza na aluminiamu, wakafika mbali, kisha wakaona bado ni zito. Wakatupa kazi yote, wakaanza upya na nyuzi za kaboni. Nani atawafumia nyuzi hizo? Waliunda mashine yao wenyewe, ya duara, ikazifuma mbele ya macho ya mitambo ya leza. Mjukuu amerudi kwenye kazi ya babu! Wakaokoa kama kilo 100. Injini yake ya silinda kumi ilipandisha mizunguko kwa kasi mno hata mshale wa kawaida usingeweza kuifuata, wakaweka dashibodi ya kompyuta. Kiwanda cha Motomachi, mji wa Toyota, kilitoa gari moja kwa siku, jumla 500, kati ya Desemba 2010 na Desemba 2012. Bei yake yeni milioni 37.5.

Hapo kuna habari ya mzee mmoja ambayo sipendi uikose. Hiromu Naruse aliingia Toyota mwaka 1963 kama fundi, akapanda hadi kuwa mkuu wa madereva wa majaribio. Ndiye aliyemwambia Akio Toyoda, kitukuu wa Sakichi na baadaye bosi wa kampuni nzima, kwamba asiyejua kuendesha asijifanye mjuzi wa magari. Bosi hakukasirika, alikubali kufundishwa. Tarehe 23 Juni 2010 Naruse alikuwa na LFA kwenye barabara ya kawaida jirani na Nürburgring, akagongana na gari jingine, akafariki. Alikuwa na miaka 67. Ilibaki miezi sita gari alilolihangaikia lianze kutoka kiwandani.

Kituo cha mwisho ni Hiroshima, kama saa mbili na nusu kwa Shinkansen kutoka Nagoya. Ukifika, panda treni ya kawaida vituo viwili tu hadi Mukainada. Hapo ndipo nyumbani kwa Mazda, kampuni iliyoanza mwaka 1920 ikitengeneza vizibo vya gome, vitu vyepesi kuliko vyote tulivyotaja leo! Jumba lao la kumbukumbu lazima uweke nafasi mapema, ukienda kienyeji utarudishwa mlangoni.

Ndani limo gari la rangi ya chungwa na kijani, namba 55. Hilo ni 787B, gari la kwanza la Kijapani kushinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, Juni 1991. Injini yake haina pistoni za kawaida, inazungusha vyuma vya pembetatu. Mazda walipambana na waandaaji hadi wakaruhusiwa kilo 830, wakati Jaguar na Mercedes walibeba karibu kilo 1,000. Mercedes iliongoza, lakini zikiwa zimebaki saa tatu hivi, injini yake ikachemka. Mazda ikapita. Dereva Johnny Herbert alimaliza akiwa hoi kwa kiu na joto, wenzake wawili wakapanda jukwaani bila yeye, yeye yuko kwa waganga. Ilibidi Japani isubiri hadi 2018 Toyota warudie ushindi huo.

Na baadaye? Kilo zilirudi. NSX mpya ya mwaka 2016, iliyojengwa Ohio, Marekani, ilikuwa na injini, mota tatu za umeme na betri, ikafika kilo 1,700 na zaidi. Ilikuwa na kasi kuliko mama yake, hilo halina ubishi. Lakini hadi inasitishwa mwaka 2022, hazikufika hata 3,000, wakati ile ya kwanza ilipita 18,000. Unaweza kuongeza farasi mpaka basi, lakini dereva anaujua mzigo kwenye kona ya kwanza tu.

Sasa kesho ukiwa kwenye daladala imejaza watu mpaka mlangoni na dereva anasaga gia, usimlaumu Mjapani. Yeye alipunguza alipoweza. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.