Cherehani cha mablanketi katika sebule ya mita tatu

Februari hakuna mtu anayetafuta blanketi Tanga mjini. Usiku madirisha yanafunguliwa na watoto wanalazwa kwenye mkeka. Lakini ukipanda basi hadi Mombo, ukaacha barabara kuu na kupanda mlima hadi Lushoto mwezi Juni au Julai, utakuta watu asubuhi wamejitanda mablanketi mabegani. Mkoa ni mmoja, hali ya hewa ni mbili.

Hapo ndipo mama mmoja wa Makorora alipoona biashara. Ana watoto watatu, wa mwisho ana mwaka mmoja na nusu. Kwa miaka mingi amekuwa akipinda khanga na kurekebisha sare za shule kwa cherehani cha mkono alichoachiwa na bibi yake. Mabaki ya vitenge anayapata kwa mafundi wa Ngamiani kwa bei ya chini, mengine bure, kwa sababu wao wangeyatupa. Akaunganisha viraka, akaweka blanketi kuukuu katikati na shuka chini, akashona vyote pamoja.

Sindano tatu zilivunjika. Mishono iliruka, na bega lake la kulia liliuma siku nne kwa kuzungusha gurudumu. Hata hivyo blanketi liliuzwa, na aliyelinunua akaagiza mengine manne.

Akakopa laki tisa kwenye kikoba chao, za kurejesha kwa miezi kumi. Hapo ndipo mjadala ulipoanza nyumbani, maana pesa ile ilikuwa ya kununua mara moja tu. Kikinunuliwa cherehani kisichofaa, marejesho yangetoka kwenye ada na chakula cha watoto. (Kununua cherehani kwa deni si jambo jipya. Kampuni ya Singer ya Marekani ilianza kuviuza kwa malipo ya awamu katika miaka ya 1850, kwa kuwa familia nyingi hazikuweza kulipa zote kwa mkupuo.)

Ushauri wa kwanza ulitoka mbali. Dada yake anayeishi Marekani alimtumia video ya mashine ambayo huko hutumika kwa kazi hiyo hiyo, mashine ya mkono mrefu. Kwenye cherehani cha kawaida kitambaa ndicho kinachotembea chini ya sindano. Kwenye hii, blanketi hunyooshwa kwenye fremu na mashine ndiyo inayotembea juu ya reli, mshonaji akiiongoza kwa mikono miwili akiwa amesimama. Nafasi kati ya sindano na shingo ya mashine, ambayo kwenye vyerehani vingi vya nyumbani ni inchi sita hadi nane, kwenye mashine hizi hufika inchi 18 na kuendelea. Blanketi zima linapita bila kukunjwakunjwa.

Video ilitazamwa mara nyingi, na watoto nao wakaipenda. Kisha mume, ambaye ni dereva wa bajaji na hapendi kubishana kwa maneno, akachukua kamba ya kuanikia nguo. Fremu ya blanketi la kitanda kikubwa inahitaji karibu mita tatu za urefu, bado nafasi ya mtu kupita mbele na nyuma. Sebule yao ni mita tatu kwa tatu na nusu. Kamba ilitoka ukutani ikafika ukutani, ikipita juu ya mahali ambapo watoto wawili wakubwa hulala.

Hata kama nafasi ingepatikana, mashine zile huuzwa kwa maelfu ya dola. Inayotengenezwa kwa umeme wa Marekani hutumia volti 120, na huku kwetu ni 230, kwa hiyo lazima iwe na transfoma. Ikikatika reli au ikiungua sakiti, fundi wa kuitengeneza hayuko Ngamiani. Wazazi wengi huvutiwa na kifaa cha ndugu aliye nje bila kuuliza swali hilo la mwisho, na ndilo la kwanza kuulizwa.

Mume naye alikuwa na chaguo lake: cherehani cha kiwandani, kilichotumika, chenye meza yake na mota kubwa chini. Bei ilikuwa nzuri. Walikwenda kukiona wote wawili, mtoto mgongoni.

Vyerehani hivi vina faida za kweli. Vina nguvu, na nafasi ya kupitisha kitambaa ni kubwa kuliko ya vile vidogo vya nyumbani. Lakini vilitengenezwa kwa ajili ya kiwanda, ambako mwendo wa mishono 4,000 au 5,000 kwa dakika ni jambo la kawaida. Mota ya zamani ya klachi, ikishawashwa, inazunguka wakati wote na kunguruma hata kama mshonaji anachana uzi, na LUKU inahesabu. Mota mpya ya sevo inazunguka tu mguu ukikanyaga, haina kelele kubwa, na mwendo wake wa juu unaweza kupunguzwa kwa kitufe. Kwa mtu anayeshonea sebuleni huku mtoto amelala, mota hiyo ni muhimu kuliko jina lililoandikwa kwenye kichwa cha cherehani.

Jambo jingine watu hawaulizi: kichwa cha kiwandani kinaweza kuwa cha vitambaa vyepesi au vya vizito, na kwa nje vinafanana kabisa. Cha vyepesi ukikipa tabaka tatu zenye blanketi katikati, kitaruka mishono kama kile cha bibi.

Ndiyo maana mama huyu alikwenda dukani na blanketi lake mwenyewe. Muuzaji alikuwa amempa kipande cha pamba nyembamba ajaribie, na mshono ukatoka kama umechorwa. Akaomba radhi, akafungua mfuko, akaweka tabaka zake tatu. Kwenye kichwa cha kwanza juu palikuwa pazuri, chini uzi umejaa vitanzi. Kwenye cha pili mshono ulishika pande zote, lakini tabaka la juu lilisogea, likatengeneza mkunjo mwishoni. Sababu ni kwamba meno ya cherehani huvuta kitambaa cha chini tu. Vipo vyerehani vyenye mguu unaotembea, vinavyovuta juu na chini kwa pamoja, wanavyotumia mafundi wa ngozi na masofa, ila bei yake ilizidi laki tisa.

Fundi mzee aliyekuwa amekaa barazani nje ya duka alikuwa akitazama tu. Mwishowe akasema, “Mwanangu, kwa nini unashona bahari nzima kwa wakati mmoja? Shona madebe.”

Alimaanisha vipande. Badala ya kupitisha blanketi zima chini ya sindano, unatengeneza miraba ya nusu mita, kila mmoja na tabaka zake tatu, unaishikiza kwa mkono ili isisogee, unaishona kutoka katikati kwenda pembeni, kisha ndipo unaiunganisha. Mraba wa nusu mita unageuzwa bila tabu kwenye cherehani chochote kizuri. Shida ya nafasi ambayo Marekani inatatuliwa kwa mashine ya mita tatu, hapa ilitatuliwa kwa sentensi moja barazani. Ni kweli kwamba miunganiko inaonekana na kazi ni ndefu zaidi. Wateja wa Lushoto mpaka sasa hawajalalamika.

Akachukua kichwa cha pili, cha vitambaa vizito, kikafungwa mota mpya ya sevo. Zilibaki shilingi elfu sitini, na hizo zilikwenda kwa seremala.

Kazi ya seremala ndiyo ambayo familia nyingi huiacha, na mwili ndio hulipa. Meza ikiwa juu mno, mabega hupanda; ikiwa chini, shingo huinama saa nzima. Mshonaji anatakiwa akae nyayo zote mbili zikiwa zimegusa, viwiko vikiwa karibu usawa wa meza, mgongo umepata pa kuegemea. Mama huyu alikuwa akishona juu ya stuli ya plastiki, na maumivu ya kiuno alikuwa nayo tangu mimba ya mwisho. Seremala alikata miguu ya meza sentimita nne na kutengeneza kiti chenye mgongo kinachomfaa yeye. Kila nusu saa anasimama, anakwenda kuangalia jiko au kuanua nguo. Akiona maumivu yanashuka mguuni au mguu unakufa ganzi, hiyo si kazi ya kiti tena, ni ya kwenda hospitali.

Macho nayo. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, watu wengi huanza kusogeza sindano mbali ili waone tundu. Miwani ya kusomea ni nafuu kuliko mota yoyote, na wapo mama wanaoacha ushonaji kwa kudhani wamechoka kumbe hawaoni. Wao walihamishia meza dirishani.

Kuhusu mtoto wa mwaka na nusu, hapakuwa na mjadala. Mkanda na gurudumu la mota viko usawa wa vidole vyake, kwa hiyo seremala aliviziba kwa kibao. Swichi huzimwa na waya kuchomolewa kila mama anapoinuka, hata kama ni kwa dakika moja. Sindano zilizovunjika huingia kwenye kopo lenye mfuniko. Bobini na vifungo vinahesabika kama vitu vya kumezwa, na vinakaa juu ya kabati.

Tanga ina adui mwingine, upepo wa chumvi. Chuma kisichofunikwa hushika kutu mapema, hivyo kila jioni kinafutwa na kufunikwa kwa khanga kuukuu. Mafuta ni ya cherehani tu. Ya nazi, ambayo hayakosekani jikoni kwa mtu wa pwani, huganda ndani ya mashine.

Umeme ukikatika, cherehani cha bibi kinarudi mezani. Kwa viraka vyembamba bado kinashona vizuri sana, na binti mkubwa wa miaka 12 ameshaanza kukizungusha baada ya kumaliza kazi za shule.

Oda moja tu ilikataliwa. Mteja alitaka blanketi nene na mto wa viraka kwa kichanga cha miezi miwili. Mama alimweleza taratibu kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja hulazwa chali, bila mto wala kitu kizito na laini karibu na uso, kwa kuwa kinaweza kumziba pumzi. Akamshauri angoje mtoto akue. Mteja alinuna, akaondoka, kisha wiki ya pili akarudi kuagiza la kitanda chake mwenyewe.

Marejesho ya kikoba yamebaki miezi minne. Kwa sasa ana miraba 22 kwenye kapu, na blanketi la kitanda kikubwa linahitaji 20.