Mvua ya Wengine: Safari Zangu Mtoni Turkwel

Basi liendalo Lodwar hutoka Kitale kungali na baridi. Kapenguria nilipita nimejikunyata ndani ya sweta. Tulipomaliza kona za mteremko wa Marich na kuikaribia Kainuk, sweta ilikuwa imeshaingia mkobani na madirisha yote yako wazi. Ilikuwa safari yangu ya kwanza Turkana, mwishoni mwa kiangazi, wakati mbuzi wamekonda na wachungaji wengi wameshahama. Kupita Lokichar tuliingia nchi ya mawe meusi na vichaka vya miiba. Mara kwa mara barabara ilikatiza laga, mito ya msimu ambayo wakati huo ilikuwa mchanga mtupu. Kisha, karibu na Lodwar, ukatokea mstari mnene wa kijani uliokwenda mpaka macho yaliposhindwa kuufuata. Mama aliyeketi kando yangu akaniambia, "Ule ndio Turkwel. Sasa tumefika nyumbani."

Lodwar hupata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka, na joto la mchana hupita nyuzi 35 karibu kila mwezi. Mvua hiyo haiwezi kulisha mto. Maji ya Turkwel huanzia Mlima Elgon, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako mto huitwa Suam. Hushuka kupitia nchi ya Wapokot, hupenya korongo jembamba la miamba, huingia Turkana na kuishia katika Ziwa Turkana, ziwa lisilo na mto hata mmoja utokao. Mtu wa Lodwar, basi, hunywa mvua iliyonyesha kwa wengine. Jambo hilo ndilo limenirudisha huko tena na tena.

Siku zile za kwanza nilishinda kwenye kingo za mto, chini ya mikoma na migunga mikubwa ambayo Waturkana huiita ewoi. Mzee mmoja aliyekalia ekicholong yake, kile kigoda cha mti ambacho usiku huwa mto wa kulalia, alinikaribisha kivulini. Nilimwuliza kama miti ile ilijiotea tu.

"Ilijiotea," akasema, "lakini ina wenyewe."

Akanionyesha kwa fimbo: kutoka mti ule uliopinda mpaka pale mto unapogeuka ni ekwar ya familia moja, kutoka hapo kwenda mbele ni ya nyingine. Hakukuwa na ua wala jiwe la mpaka. Ekwar ni haki ya familia juu ya miti ya kando ya mto, hasa matunda yake, na hurithishwa. Maganda ya ewoi hukomaa wakati majani yamekwisha kote, na ndiyo yanayowavusha mbuzi hadi mvua irudi.

"Na mimi niliyekaa hapa?" nikamwuliza.

"Kivuli ni cha kila mgeni, mwanangu. Maganda ndiyo yenye mwenyewe."

Sijasikia sheria ya ardhi iliyo fupi na ya haki kuliko hiyo.

Niliporudi wakati wa masika, niliuona mto mwingine. Kawalase, laga inayoungana na Turkwel karibu na mji, ilikuwa imekauka asubuhi, na juu yetu hapakuwa na wingu. Lakini mvua ilikuwa imenyesha mbali, vilimani. Alasiri tulisikia mngurumo, watu wakaita watoto watoke mchangani, na maji ya rangi ya udongo yakaja yamebeba magogo na vichaka vizima. Waliotaka kuvuka walikaa ukingoni wakasubiri, bila haraka wala manung'uniko, hadi yalipopungua.

Mafuriko yakipita, kazi huhamia chini ya mchanga. Maji yaliyozama kati ya chembe za mchanga jua haliyafikii, na hudumu muda mrefu baada ya laga kukauka. Wanawake huchimba, husubiri yachuruzike, huyachota kwa kikombe na kujaza mtungi. Kiangazi kinavyozidi ndivyo kisima kinavyozidi kwenda chini, hata watu wasimame mmoja juu ya mwingine wakipokezana vyombo. Wanyama nao hunyweshwa kwa zamu, na zamu huheshimiwa.

Safari nyingine ilinipeleka juu, kwenye korongo ambako bwawa la Turkwel lilikamilika mwaka 1991. Ni ukuta wa zege uliopinda, wenye kimo cha mita 153, na mitambo yake ina uwezo wa megawati 106. Ni kazi kubwa ya uhandisi, na Kenya inauhitaji umeme huo. Lakini baada ya hapo, kwa miaka mingi, Lodwar iliendelea kuwasha taa kwa jenereta za dizeli. Mafuriko ya msimu, yaliyokuwa yakilowesha kingo na kuotesha miche ya ewoi, nayo yalipungua. Mwaka 2020 mambo yaligeuka: maji ya bwawa yalipanda mno, na watu wa bondeni wakaonywa wajihadhari. Vyovyote vile, ukame kwao au gharika, uamuzi hufanyika mbali nao.

Kila nirudipo naangalia miti kwanza. Mathenge, mti wa kigeni ulioletwa Kenya ili kuzuia jangwa, umejaza sehemu nyingi za ukingo kwa miiba yake. Makaa nayo yanauzwa kando ya barabara, magunia kwa magunia, na baadhi ya migunga iliyokatwa ilikuwa imelisha mbuzi wa vizazi kadhaa. Anayekata ana njaa, simlaumu. Ninacholilia ni kwamba ekwar haitambuliwi pale mipango ya mto inapoandikwa, wakati ndiyo iliyoulinda msitu huu bila askari.

Anayetaka kufungua au kufunga maji ya Turkwel, kugawa mashamba ya umwagiliaji au kutoa kibali cha kukata miti, aanze kwa kuuliza swali ambalo mzee yule alinijibu kabla sijaliuliza: miti hii ni ya nani? Jibu lipo, na wenye kulijua wako hai. Waitwe mezani kabla ya ramani kuchorwa.