Kukiri Kosa Ili Yaishe

Wengi wetu huku Marekani tunaamini ukishapata kadi ya kijani basi, mambo ya uhamiaji yamekwisha. Kilichobaki ni kazi na kulipa bili. Dada yangu aliamini hivyo miaka 14, mpaka mwanawe alipokamatwa mara ya pili.

Kijana ana miaka 22. Alitoka Tanga na miaka minane, wazazi wake waliposhinda bahati nasibu ya visa. Alipokuwa na 19 alikamatwa dukani na viatu ambavyo hakuvilipia. Akakiri, akalipa faini, tukamsema, tukasahau. Safari hii ilikuwa hedifoni, duka jingine. Mwendesha mashtaka akampa masharti mepesi: akikiri Jumatatu, hatalala ndani hata siku moja. Dada akanipigia simu kumshukuru Mungu.

Mimi ni muuguzi, si mwanasheria. Lakini wodini hatumchomi mgonjwa sindano kabla ya kumuuliza ni dawa gani zinamdhuru, kwa hiyo nikamuuliza: huyo wakili anajua kwamba mtoto si raia? Hakujua. Kijana anaongea Kiingereza cha hapa hapa, nani angemshuku?

Kwa sheria ya uhamiaji ya Marekani, mkaazi wa kudumu aliyetiwa hatiani kwa makosa mawili au zaidi ya upotovu wa maadili, yasiyotokana na tukio moja, anaweza kufukuzwa nchini. Wizi wa dukani kwa kawaida umo. Hata kama hakufungwa. Hata kama kati ya kosa la kwanza na la pili imepita miaka 20. Ile kesi ya viatu ilikuwa imekaa kimya tu, ikisubiri mwenzake. Na kwenye mahakama ya uhamiaji serikali haikuwekei wakili. Unamlipa mwenyewe au unasimama peke yako.

Mwaka 2010, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, Mahakama ya Juu iliamua kwamba wakili wa utetezi lazima amwonye mteja asiye raia kama kukiri kosa kunaweza kumfukuzisha. Sawa, lakini wakili mwenye mafaili mengi asipoambiwa, atakumbuka kuuliza? Huyu alipoambiwa alishtuka, akaomba kesi iahirishwe, akashauriana na mwanasheria wa uhamiaji. Mwishowe kijana alikiri kosa la kuingia eneo la watu bila ruhusa, kwa faini kubwa zaidi na saa 100 za kazi za jamii. Alinilalamikia hizo saa, kwa Kiingereza. Nikamjibu, "Mwanangu, Tanga ungemfikia nani?" Akanyamaza.

Linaloniuma zaidi ni la nyuma. Dada angeweza kuomba uraia mtoto akiwa na miaka 13. Mzazi akiapishwa, mtoto mwenye kadi anayeishi naye na hajafika 18 anakuwa raia papo hapo, bila mtihani. Lakini Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na dada ana kiwanja chake kule. Simlaumu, pasipoti ile si karatasi tu.

Binti yake mdogo, aliyekuja akiwa wa mwaka mmoja, sasa ana 15. Mwezi uliopita dada amepeleka maombi. Kiwanja bado anakilia.